Bi Taratibu Anaondoka Kwenye Chumba cha Vipimo

Ijumaa tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wetu wa umeme wa magari atavua ovaroli yake ya buluu na kuitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja katika karakana hii. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na akataka ziandikwe. Alisema alizifanyia kazi kama zile nyingine zote.

Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini ukilitaja pale getini mlinzi atakuapia kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Sisi tunamwita Bi Taratibu. Jina lilikotoka tutafika. Mwenyewe angesema hakuna anayetufukuza.

Mwandishi wa wasifu huu ni dereva wa majaribio. Kazi yake ni kulichukua gari lililokwisha kutengenezwa, kulizungusha barabarani na kulirudisha likiwa zima. Kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi bega kwa bega na Bi Taratibu, kwa hiyo anaamini ana haki ya kusimulia machache. Pia ameonywa asitie chumvi.

Bi Taratibu hakuajiriwa kama fundi. Alikuja kuwa karani wa mapokezi, akapewa kiti, dirisha na daftari kubwa la kuandikia malalamiko ya wateja. Karani aliyemtangulia alikuwa na mwandiko mzuri na maneno mawili tu: "Gari bovu." Bi Taratibu aliandika kila kitu, tena kama mteja alivyokitamka. Kurasa zile bado zipo. Kuna moja inasema: "Linalia kama mlango wa kabati, likipanda mwinuko tu, tena asubuhi tu." Nyingine: "Mwenye gari anasema linanuka mayai. Mkewe anasema halinuki kitu." Haukupita mwaka, mafundi wakaanza kwenda dirishani kusoma daftari kabla ya kufungua boneti. Wengine walisingizia kwamba wamekwenda kuomba kalamu.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta, na nyuma yake ikaja mashine ya kuzisoma. Ilifika ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali, kimeandikwa kwa lugha ya watu wa ng'ambo. Mafundi wa siku zile walikuwa mabingwa wa spana. Waliitazama ile mashine, wakatazamana, wakaiweka juu ya kabati, na mtu akaweka kikombe cha chai juu yake. Karani wa mapokezi akaomba ruhusa ya kwenda na kitabu nyumbani. Alirudi baada ya wiki tatu na karatasi arobaini alizoandika kwa mkono wake, na kitabu akakirudisha bila doa. Msimamizi wa wakati huo aliuliza nani anaweza kuitumia ile mashine. Wote wakatazama dirishani.

Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya matairi chakavu. Ndicho hicho tunachokiita chumba cha vipimo, na harufu ya mpira haijatoka mpaka leo. Madirisha yake yalipakwa rangi ya kijani hafifu kwa sababu rangi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Matokeo yake, mwanga wa humo si wa mchana wala si wa jioni. Ukiingia saa nne asubuhi unajiona kama mtu aliyekwisha kuamka lakini usingizi bado umemshika shati. Sauti za nyundo zinakufikia kwa mbali. Hata redio ya fundi rangi, ambayo nje ni kelele tupu, humo ndani inakuwa kitu cha kubembeleza.

Humo ndimo alimofanyia kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anaingia kwenye gari, anafunga mlango, anafungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja, nyekundu, njano na kijani, kama inavyotakiwa. Halafu zinaanza kuzimika: kibirika cha oili, kisanduku cha betri, yule mtu mdogo aliyekumbatia puto, alama ya mfuko wa hewa wa ajali. Zinaondoka mojamoja, kama wageni wanaoaga. Inabaki moja. Bi Taratibu anaitazama hiyo iliyobaki, mikono mapajani, kimya, na uso wake umepata rangi ya ile taa. Msimamizi wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza kazini, alidhani amemkuta fundi amelala. Akagonga kioo. Bi Taratibu alimfungulia kidogo, akamjibu neno moja: "Nasikiliza." Akafunga.

Sasa, kila karakana ina wateja wake. Wetu wengi ni watu wanaojitengenezea magari yao wenyewe, halafu taa zinawaka. Hakuna aibu iliyo sawa na ya mtu huyu. Anakuja akiwa ameegesha mbali. Anatembea kama aliyekuja kuulizia njia. Anasema, "Sijui imekuwaje, iliwaka tu yenyewe," na kucha zake zimejaa grisi. Bi Taratibu aliwapenda watu hawa kuliko wateja wote. Alikataza kuwacheka. Fundi mmoja aliyethubutu kucheka alipangiwa kufagia chumba cha vipimo mwezi mzima, na mpaka leo ndiye fundi wetu mpole kuliko wote.

Alikuwa na swali moja kwa kila mtu: "Mara ya mwisho uligusa nini?" Alilisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayeuliza umekula nini jana. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Fundi cherehani mmoja alikuja akiwa amekwisha kuuaga ulimwengu, maana kijinjini cha njano, taa ya hitilafu ya injini, kilikuwa kimewaka siku nne. Alikuwa amegusa kifuniko cha tangi la mafuta tu, amekipangusa na kukirudisha. Hakukizungusha mpaka kikalia. Bi Taratibu alikwenda nyuma ya gari, kifuniko kikalia mara tatu, akamwambia aendeshe siku mbili tatu, taa itajizima yenyewe. Ikajizima. Kinyozi wa mtaa wa pili aliwahi kung'oa kiti cha dereva ili asafishe zulia, akakirudisha vizuri sana, na yule mtu mwenye puto akawaka na kukataa kuzimika. Chini ya kiti kuna waya. Waya una plagi. Plagi ilikuwa imelala zuliani peke yake, safi kabisa. Alimwonyesha namna ya kuirudisha, swichi ikiwa imezimwa na betri imefunguliwa, kisha akamfutia taa. Kinyozi akamwapia kwamba kichwa cha mumewe hakitalipiwa tena maisha. Mume wa Bi Taratibu ana upara.

Lakini haki ya mtu haikamiliki kwa mazuri yake peke yake, na yeye mwenyewe alisisitiza kwamba lile jambo la mkunga liwemo. Alisema, "Ukiliacha, usiandike kabisa."

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na tatu. Mwandishi alikuwa bado hajaajiriwa. Hadithi hii ameipata kwake. Wakati ule Bi Taratibu hakuwa taratibu hata kidogo. Alikuwa na sifa mji mzima ya kuzima taa yoyote kabla chai ya mteja haijapoa, maana mashine ina kitufe kimoja kinachofuta kila kitu. Ukikibonyeza, taa inatoweka kana kwamba haikuwahi kuwepo. Alikiri kwamba alikipenda kile kitufe.

Mkunga mmoja aliyekuwa akizalisha wanawake majumbani alileta gari lake dogo asubuhi. Kijinjini kilikuwa kimewaka. Alikuwa na haraka, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mkoba wake wa vifaa. Bi Taratibu aliunganisha mashine, akasoma kwamba umeme umeshuka, akabonyeza kitufe. Taa ikazimika. Mkunga akauliza kama gari limepona, akaambiwa taa imezimika, wakapeana mikono. Bi Taratibu hakumuuliza lolote. Laiti angemuuliza, mkunga angesema kwamba jana yake mumewe alibadilisha betri nyumbani, na Bi Taratibu angefungua boneti na kukuta kibanio cha betri kimewekwa juu bila kukazwa.

Kesho yake gari lilizimika katikati ya barabara mbovu, kwenye mashimo, likakataa kuwaka. Mkunga alikuwa anakwenda kwa mzazi mwenye uzazi wa kwanza. Alichukua mkoba wake, akavua viatu vya kisigino, akatembea. Alichelewa saa nzima na robo. Mtoto alikuwa amekwisha kufika duniani, akapokelewa na bibi yake, na mama yake alikuwa ametokwa na damu nyingi. Walipona wote wawili, lakini mama alilazwa hospitali wiki mbili, na siku tatu za mwanzo hakuna aliyethubutu kusema atapona.

Mkunga alirudi karakana siku ya nne. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, kwenye ule mwanga wa kijani, viatu vyake mkononi kwa sababu miguu ilikuwa bado imevimba.

"Uliniambia imezimika," alisema.

"Ndiyo, dada. Ilizimika."

"Mimi sikukuuliza kama imezimika. Nilikuuliza kama imepona."

Bi Taratibu anasema mpaka leo akiyakumbuka maneno hayo anayasikia yakija kutoka mbali, kama mtu anayeitwa akiwa ndani ya maji. Alikwenda kwa msimamizi akataka kosa lake liandikwe kwenye faili. Msimamizi alimwambia kibanio hakikuwa chake, betri haikuwa yake, na mteja hakusema. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyenyamazisha kitu kilichokuwa kinajaribu kusema. Liliandikwa. Jumapili ya kwanza baada ya yule mama kutoka hospitali, alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake, akamwomba radhi uso kwa uso. Mama alimpa mtoto ambebe. Hakusema nimekusamehe wala sijakusamehe. Bi Taratibu alikaa na yule mtoto mikononi mpaka alipolala.

Tangu siku hiyo hakuifuta taa ambayo hajajua imewashwa na nini. Gari lililokuwa likimaliza nusu saa sasa lilichukua asubuhi nzima. Wateja wakalalamika, na msimamizi akilalamika yeye alijibu neno lilelile: "Taratibu." Mafundi wakampa jina, kwanza kwa kumkejeli. Kejeli ikaisha, jina likabaki.

Jambo la pili linalostahili kusimuliwa mwandishi alilishuhudia kwa macho yake, na kwa mguu wake wa kulia. Ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja asubuhi na binti yake. Binti alikuwa kiti cha nyuma na sanduku lake magotini. Siku hiyo ndiyo alikuwa anapelekwa chuoni, na barabara ya kwenda huko inateremka mlima kwa karibu saa nzima. Mwalimu alikuwa amebadilisha pedi za breki za mbele yeye mwenyewe, kwa kufuata maelekezo, hatua kwa hatua. Kazi ilikuwa safi. Kila nati ilikuwa imekazwa, na hata matope alikuwa ameyapangusa. Ila kwenye dashibodi kulikuwa na lile duara jekundu lenye alama ya mshangao, linawaka na kuzimika, linawaka na kuzimika.

"Ni kihisi tu, sensa ya breki," Mwalimu alisema. "Nimesoma. Naomba uifute, tuna safari."

"Mara ya mwisho uligusa nini?"

"Pedi. Pedi tu, mama."

"Ulipofungua kile chuma kizito kinachobana pedi, ulikiweka wapi?"

Mwalimu alifikiri. "Sikukiweka mahali. Kilikuwa kinaning'inia."

"Kwenye nini?"

"Kwenye mpira wake. Ule mpira wa mafuta ya breki."

Bi Taratibu alitoa ufunguo kwenye swichi, akautia mfukoni mwa ovaroli. Mwalimu alipandisha sauti, na msimamizi wetu wa sasa akatoka ofisini. Siku hiyo magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya geti, na msimamizi si mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Alisema mbele ya watu wote, "Bi Taratibu, futa hiyo taa, mpe mtu gari lake. Hii ni amri."

"Nipe saa moja."

"Huna hata dakika kumi."

"Basi ufunguo huu nitakukabidhi pamoja na barua yangu ya kuacha kazi," alisema. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa kama mtu anayeeleza kwamba nje kuna mawingu. "Lakini barua nayo nitaiandika taratibu. Itachukua saa moja."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Msimamizi alirudi ofisini na kubamiza mlango. Bi Taratibu aliniita, yaani alimwita mwandishi, tukaingia kwenye gari la Mwalimu, binti akiwa ameshuka. Tulizunguka uani polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Tukienda moja kwa moja, taa inazimika. Tukikata kushoto, duara linawaka. Raundi ya pili vivyo hivyo. Yeye alikuwa ameegemeza kichwa, macho nusu yamefumba, na mimi nilianza kujihisi kama tunazunguka ndani ya ndoto ya mtu mwingine, uwanja uleule, ukuta uleule, kile chekundu kikija na kwenda mbele yetu.

"Mafuta yanahama," alisema. "Yamepungua. Yanatoka mahali, kidogo kidogo. Zunguka tena, halafu ukifika kwenye yale matairi, kanyaga breki kwa nguvu zako zote."

Nilikanyaga. Kwanza mguu ulikuta kitu kigumu. Kisha pakasikika mlio kama wa kitambaa kinachochanika, na pedali ikazama chini ya unyayo wangu kama vile nimekanyaga matope. Nusu ya breki iliyobaki ilishika kwa kusitasita. Tuliingia kwenye rundo la matairi chakavu taratibu kabisa, yakatupokea na kuporomoka juu ya boneti, moja, mawili, matatu. Hakuna aliyeumia. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika kwenye saruji. Ule mpira, uliobebeshwa chuma kizito mchana kutwa ukiwa umejipinda, ulikuwa umechanika ndani tangu siku ile, ukabaki unashikiliwa na ngozi ya nje.

Redio ya fundi rangi iliendelea kuimba peke yake. Mwalimu alitafuta stuli akakaa. Alikuwa akiitazama njia ya mafuta inayosogea kuelekea viatu vyake, na sote tulijua kwamba haangalii sakafu, anaangalia mteremko. Binti yake alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Bi Taratibu alichuchumaa mbele yake.

"Umefunga vizuri, Mwalimu," alimwambia. "Hata mimi nisingefunga vizuri hivyo. Ila mpira haukuumbwa kubeba chuma. Siku nyingine kifunge kwa waya, kikae juu. Ni hilo tu lililokosekana."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ningekuwa nusu mlima," alisema.

"Lakini hukuwa. Ulikuwa hapa."

Gari lilitiwa mpira mpya, na baba na binti wakaondoka alasiri. Kuhusu msimamizi, haki naye itendeke. Kesho yake asubuhi alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha vipimo, imeandikwa kwa mkono wake: "Hapa taa haifutwi mpaka sababu yake iandikwe." Chini akatia sahihi. Karatasi hiyo imebadilishwa mara nne kwa kuchakaa, na kila mara ameiandika upya mwenyewe.

Baada ya miezi miwili Mwalimu alirudi akiwa na wazo. Alisema watu hawataacha kujitengenezea magari, kwa hiyo afadhali wafundishwe. Bi Taratibu alikubali papo hapo, nadhani ndiyo mara pekee alipokubali kitu papo hapo. Ndivyo lilivyozaliwa darasa la Jumamosi, ambalo limeendelea miaka kumi na kitu sasa. Mwalimu alichora ubaoni, Bi Taratibu alishika vifaa. Wamefundishwa wauza duka, wauguzi, mafundi cherehani, mabibi wawili mapacha wenye gari moja wanaloligombania, na yule kinyozi, aliyekaa mstari wa mbele na kuuliza maswali kuliko wote. Jambo la kwanza walilofundishwa halikuwa spana. Lilikuwa kusema. Andika ulichogusa, andika ulichokuta, na ukija kwa fundi, mwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, aliwaambia, na gari nalo lina maradhi yake. Kulikuwa na hofu kwamba darasa litatunyima wateja. Kilichotokea ni kwamba watu waliacha kuegesha mbali. Sasa wanaingia mpaka uani, wanashuka na karatasi mkononi, wanasema, "Fundi, nimegusa hiki na hiki, na taa imewaka hii."

Huyo mkunga je? Alifundisha somo moja kila mwaka, la viatu visivyo na kisigino kwa madereva wote. Alikuwa akilifundisha kwa mzaha. Wawili hao hawakuwahi kuitana marafiki, lakini kila mwaka alipomaliza, Bi Taratibu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akafungua boneti, akagusa kibanio cha betri kwa vidole viwili, akaifunga. Mkunga alisubiri. Kisha akaondoka.

Imebaki Jumanne ya wiki iliyopita.

Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyolowesha bali inatia ukungu vioo. Gari la mwisho tulilolijaribu pamoja lilikuwa la muuza maua aliyebadilisha plagi za injini mwenyewe na kuchanganya nyaya mbili. Kazi iliisha saa tano. Tukatoka kulijaribu, mimi kwenye usukani, yeye pembeni kama siku zote, tukapita matangi ya maji, tukaingia ile barabara ndefu yenye miti pande zote ambako matawi yamekutana juu. Hapo mwanga unafanana na ule wa chumba chake. Hakuna taa iliyowaka. Injini ilinong'ona tu.

"Simama hapo," alisema.

Nikasimama. "Umesikia kitu?"

"Hapana. Shuka. Tubadilishane viti."

Wenzangu, ngoja niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Fundi huyu, aliyekaa kwenye viti vya madereva miaka yote hiyo, hakuwahi kuendesha gari barabarani hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, pale pale kwenye mvua, alisema kwamba hakuwahi kuwa na safari ambayo miguu yake haikuiweza, na baadaye ilipokuja, aliona aibu kuomba afundishwe na watu wanaomwita fundi. Mwishowe alimwomba binti yake. Wamejifunza Jumapili miezi saba, kwenye kiwanja cha shule. Leseni aliitoa kwenye leso iliyokunjwa mara nne.

"Dada yangu mkubwa anakaa mwendo wa siku mbili," alisema. "Amekuja kwangu mara kumi na mbili. Sasa miguu yake imekataa. Zamu yangu."

Akafunga mkanda. Akarekebisha kioo. Akafungua swichi, akazitazama taa zote zikiondoka mpaka ya mwisho, halafu akawasha. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kufanya ila kutazama miti ikija na kupita, matone yakiteleza kiooni, na barabara ikijifungua mbele yetu polepole, kama mtu anayekunjua mkeka. Mwendesha baiskeli alitupita na kutupungia mkono. Bi Taratibu hakumwona. Alikuwa akitabasamu mbele, midomo imefumba, kama mtoto aliyeweka peremende mdomoni na hataki ijulikane.

Tulipofika getini, mlinzi alifungua upande mmoja, akachungulia aone ni nani aliyeshika usukani. Akafungua na upande wa pili, wote, mpaka ukutani. Akavua kofia.

Bi Taratibu, wenzako wa karakana tunakushukuru: mafundi, fundi rangi na redio yake, mlinzi, msimamizi aliyesoma wasifu huu na kusema usipunguzwe neno, na dereva wako. Jumamosi asubuhi unaanza safari. Barabara ikunyookee, mvua ikupishe, na dada akusikie ukikata kona kabla hajakuona. Simu zetu usizipokee ukiwa unaendesha. Ukifika, tupigie. Hata ukifika Jumatano.